Mzigo wa Mkononi Upo

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta,

Siku mliyoniaga mlinipa feni ya mezani, kitenge cha mke wangu na hotuba tatu. Feni inafanya kazi umeme ukiwepo. Kitenge kimeshashonwa. Kilichonisumbua ni hotuba, hasa ile ya mkuu wetu wa sasa, aliyesema kwamba miaka ile ya wakimbizi mimi ndiye niliyeiokoa seva ya orodha baada ya kuharibiwa na kibarua. Mlipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, jambo ambalo mtu anayesifiwa hapaswi kulifanya, lakini mikono yangu ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Mkuu hakudanganya. Alisoma kilichomo kwenye jalada. Aliyedanganya ni aliyeandika jalada, na mwandiko wake naujua vizuri kwa sababu ni wangu.

Habari za vyeo na mishahara sitawaandikia; vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi ilivyokuwa.

Niliingia kazini kwa uongo mdogo, kama wengi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kibanda cha kutengeneza redio pale Mwanga, hapa Kigoma, ubavuni mwa mafundi cherehani. Shirika lililokuwa likiandikisha wakimbizi lilitafuta mtu wa hapa hapa anayejua kompyuta. Nikasema najua. Nilikuwa nimeiona moja, benki, upande wa mgongo. Siku ya kwanza waliponiketisha mbele ya mashine, nilitafuta swichi nyuma kama ya redio, nikafuata waya, nikabonyeza, nikazima kompyuta ya karani wa jirani aliyekuwa akichapa barua ndefu tangu asubuhi. Karani yule hakunisalimia hadi alipohamishwa.

Wakanipeleka Dar es Salaam kwenye semina ya wiki mbili. Wiki ya kwanza tulijifunza kufungua na kufunga. Wiki ya pili tulipiga picha za pamoja na kupewa vyeti. Niliporudi nikawa mtaalamu, na cheti kikatundikwa juu ya meza yangu mahali ambapo mtu mwenye akili angetundika kifaa cha kuzimia moto.

Kisha akaja mtaalamu wa kweli kutoka makao makuu, akafunga seva yenye mfumo wa Linux, akisema mashine za namna hiyo haziugui virusi. Alikaa siku nne. Seva haikuugua, akaugua yeye, malaria, wakamrudisha kwa ndege. Alituachia kitabu kinene cha Kiingereza, na kwa miaka miwili kitabu hicho kiliuzuia mlango usijibamize upepo wa ziwa ulipovuma. Kazi hiyo kiliifanya kwa uaminifu.

Byamungu alikuja na ufagio.

Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo sijawahi kuliona chafu. Kwao alikuwa amesomea elektroniki kwenye chuo cha ufundi. Lakini taratibu hazikuruhusu mkimbizi kuajiriwa ufundi. Ziliruhusu apewe kibali cha kukaa mjini, afagie, apewe fedha ya sabuni. Kwa hiyo kwenye karatasi yeye alikuwa mfagiaji na mimi nilikuwa fundi. Karatasi huvumilia mengi.

Nilimdharau kwa miezi miwili kamili. Nilikuwa namwambia afagie chini ya meza yangu huku nimekaa. Hakulalamika, alikuwa akisema, "Patron, nyanyua mguu," nami nanyanyua mguu mmoja mmoja, kama mfalme anayevishwa viatu.

Siku moja tuliletewa kadi mpya ya diski, ile ambayo diski zote za seva zingeunganishwa nayo ili data ikae salama. Nikaichomeka. Mashine ikawaka, lakini diski hazikuonekana. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tena. Byamungu akaegemea ufagio wake.

"Patron, mashine haijui hii kadi."

"Itaijua tu. Si imechomekwa?"

"Kuchomekwa si kujuana. Watu wangapi wanakaa mlango kwa mlango na hawasalimiane?"

"Wewe fagia."

"Minafagia. Lakini ile disketi iliyo ndani ya karatoni ya kadi, uliitupa ao iko?"

Nilikuwa nimeitupa. Aliitoa mfukoni mwake. Alikuwa ameiokota kwenye takataka siku iliyotangulia, akaifuta vumbi, akaitunza. Ndani yake ilikuwamo draiva, yaani kijiprogramu kinachoifundisha mashine kuongea na kifaa kimoja. Kufikia adhuhuri diski zilionekana. Tangu siku hiyo Byamungu ndiye alikuwa fundi wa seva ya Kigoma na mimi nilikuwa sahihi yake. Aliendelea kufagia, kwa sababu mkaguzi angeweza kuja.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo semina ya Dar haikuligusa, na ambalo hadi leo naona baadhi yenu mnalifanya kwa kubahatisha. Mashine inapoamka, kiini cha mfumo, yaani programu inayotangulia zote, hutafuta diski ili kisome kila kilichobaki. Diski iko nyuma ya kadi. Kadi haisemi neno bila draiva yake. Na draiva imehifadhiwa wapi? Ndani ya diski ile ile. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo kuna faili dogo la kuwashia, ambalo kiini huamka nalo mkononi, na ndani yake unaweka draiva zile tu zinazohitajika kufungua mlango. Yaliyobaki yatasomwa ndani.

Nilimwambia sijaelewa. Akaweka ufagio chini.

"Patron, wakati tulivuka ziwa, mizigo mikubwa iliwekwa chini kabisa ya meli. Ilishushwa kesho yake. Bibi yangu, mama ya mtoto wetu, alikuwa na kopo ya maziwa ya unga. Ndani aliweka kiberiti, chumvi, na cheti ya kuzaliwa ya mtoto. Sufuria mkono huu, kopo mkono huu. Usiku ule tulipika. Jirani yetu alikuwa na gunia nzima ya unga, lakini kiberiti yake ilikuwa katikati ya ile gunia, na gunia iko chini ya meli. Alilala njaa, na alikuwa tajiri kutushinda." Akacheka. "Ile faili ni mzigo wa mkononi. Usiweke nyumba yote. Weka kiberiti."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi, kwa kuwa sikuwahi kumsikia akimtaja.

"Cheti ilivuka," akasema. "Mtoto hakuvuka."

Binti yao, Furaha, alikuwa kwa bibi yake Uvira siku vita vilipofika, na barabara ikafungwa kati yao. Mke wa Byamungu aliitwa Mama Furaha na kambi nzima, kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Miaka ikapita. Kisha ikaja habari kwamba mtoto yu hai, yuko ng'ambo na bibi yake, bibi mwenyewe amezeeka na anaugua. Shirika lilikuwa limeanza kuwarudisha kwao kwa meli wale waliotaka. Byamungu na mkewe wakajiandikisha. Majina yao yaliingia kwenye seva niliyokuwa nikiitunza kwa sahihi yangu.

Sasa nifike kwenye upumbavu wenyewe.

Mnajua umeme wa Kigoma ulivyokuwa miaka ile. Ulikuja kama mgeni mwenye haraka. Sisi tulikuwa na jenereta na betri kubwa, na kwa sababu hiyo seva yetu haikuzimika. Mimi nikaligeuza jambo hilo kuwa sifa. Niliweka ubao mlangoni, na kila asubuhi nilifuta namba ya jana na kuandika ya leo kwa chaki: siku ambazo seva haijazimwa. Mkuu wa kituo, mama mmoja kutoka Bukoba tuliyemwita Madam, alipenda sana ubao ule. Wageni wote walipigwa picha nao. Hakuna aliyejiuliza kama mashine ambayo haijawahi kuzimwa itajua kuwaka. Mtu anaweza kujisifu hivyo hivyo kwamba hajalala wiki nzima.

Ubao ukiwa unakaribia mia mbili, makao makuu wakatuma sidii yenye kiini kipya cha mfumo, na barua inayosema kiwekwe mara moja. Byamungu alikuwa anakwenda kambini siku tatu kuhakikiwa kadi yake ya chakula. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni.

"Patron, nisubiri nirudi."

"Barua inasema mara moja."

"Basi sikiliza. Kiini mpya haina ile draiva. Ukiiweka, tengeneza draiva upya kwa kile kiini mpya, ingiza ndani ya faili ya kuwashia, ndipo uzime. Na ile kiini ya zamani usiifute. Iache palepale, ikae. Ile mpya ikikataa, unarudia ya zamani. Na disketi ni hii, nimeandika juu yake."

Alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: DRAIVA, USIFUTE.

Niliweka kiini kipya. Mashine ikaniambia sehemu ya kuwashia imejaa. Mimi ni mtu wa usafi. Nikafuta kiini cha zamani pamoja na faili lake. Kuhusu kutengeneza draiva upya, nilijiambia atafanya Byamungu akirudi, na aliporudi nikamwambia nimeshafanya, kwa sababu aliniuliza mbele ya Madam. Mashine iliendelea kwenda, maana ilikuwa ikitumia kile kiini cha zamani kilichokuwa bado kichwani mwake. Kila asubuhi nikaongeza namba ubaoni.

Disketi nayo niliifuta. Mpwa wangu wa Ujiji alikuwa anaolewa, nami nilikuwa katibu wa kamati. Ratiba ya shughuli ilirekebishwa mara saba, kwa sababu mjomba wa bwana harusi alihamishwa kutoka kwenye dua kwenda kwenye nasaha, akakasirika, akarudishwa kwenye dua. Marekebisho ya saba nilihitaji disketi ya kuyapeleka kwa mchapaji, na kwenye droo ilikuwamo moja tu. Harusi ilifana. Mjomba hakuja.

Siku ya mia mbili na kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Madam alikuwa anategemea wageni wakubwa, na chumba cha seva kilikuwa na nyufa. Akaamuru mashine ihamishiwe chumba cha pili chenye kiyoyozi.

"Izimwe, ibebwe, iwashwe. Dakika kumi, Bwana Rashidi."

Tuliibeba mimi na Byamungu, yeye mbele, mimi nyuma. Nikaiwasha. Maandishi yakapanda juu haraka kama kawaida, kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kiini kimeshindwa kuiona diski yenye mfumo na kwamba kimeingiwa na hofu. Hofu ndiyo tafsiri yangu, na sijapata bora zaidi, kwa sababu kiini nacho kiliniambukiza.

Byamungu aliusoma ule mstari. Akanitazama. Hapo nikajua ameelewa yote: kiini cha zamani, disketi, na yale niliyomwambia mbele ya Madam.

Madam akaingia. "Vipi?"

"Haiwaki, Madam."

"Nani ameigusa?"

Vijana, nimelirudia swali hilo kichwani kwa miaka yangu yote iliyobaki kazini. Lilikuwa swali rahisi. Nilikuwa na jibu lake. Nikasema:

"Byamungu."

Sikusema zaidi. Hakuna mahakama ambayo ingeniona mwongo. Aliigusa, aliibeba kwa mbele. Madam akamgeukia. "Mfagiaji anagusaje seva?" Byamungu akajibu kwa utulivu, "Ni kweli, Madam, miye mfagiaji." Kibali chake cha kukaa mjini kikachukuliwa mchana ule. Jumanne asubuhi akapandishwa lori la kurudi kambini.

Nilibaki mimi na mashine. Niliichomoa kadi, nikaipuliza. Niliondoa kitabu kinene mlangoni, nikakifungua kwa mara ya kwanza, na mlango ukajibamiza. Nakala ya akiba ilikuwepo, tena nyingi, kwenye kanda. Na kanda zilisomwa na mashine ile ile. Fomu za karatasi zilikuwa kwenye maboksi kambini, na mchwa walikuwa wamezipitia kabla yetu.

Na Alhamisi kulikuwa na meli. Watu wa ng'ambo walikubali kupokea wale tu waliokuwa kwenye orodha iliyochapwa na mashine, yenye picha na namba. Bila orodha meli ingeondoka na mahema na mafuta ya kula, bila watu. Na baada ya safari hiyo hapakuwa na nyingine; tulikuwa tumeambiwa safari zinasimama hadi itakapotangazwa, kwa sababu hali ng'ambo ilikuwa imeanza kuchafuka tena. Hakuna mtu wa Kigoma asiyejua maana ya "hadi itakapotangazwa". Kwenye orodha hiyo yalikuwamo majina ya Byamungu na mkewe. Nililijua hilo nilipolitamka jina lake mbele ya Madam. Naliandika hapa ili msinitafutie udhuru.

Jumatano asubuhi nilimwendea Madam nikamwambia Byamungu arudishwe kwa siku moja.

"Yule aliyeharibu?"

"Aliyefunga fundo ndiye ajuaye kulifungua, Madam."

Mnaona? Hata nilipokwenda kumwomba msaada, nilikwenda nikiwa nimepanda mgongoni mwa uongo ule ule. Akanipa gari.

Nilimkuta nje ya nyumba yao ya udongo, amekaa juu ya gunia lililoshonwa. Mama Furaha alikuwa anakunja blanketi. Mizigo yao ya Alhamisi ilikuwa tayari. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu kwamba orodha haipo.

"Mwakeye, patron," Byamungu akanisalimia kwa Kiha chake cha sokoni, kama kwamba tumekutana njiani. "Umekuya kuniomba pardon, ao umekuya kuniomba disketi?"

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikasema, "Disketi."

Akacheka hadi akashika goti. Mkewe hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na alinitazama kama mtu anayepima samaki aliyelala juani soko la Katonga tangu asubuhi.

"Ile ya ofisi iko wapi?"

"Niliifuta."

"Uliweka nini?"

"Ratiba ya harusi."

"Na harusi ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri, mama."

"Asante Mungu. Hata tukose meli, watu walikula pilau."

Nikawaeleza habari ya orodha. Mama Furaha aliacha kukunja blanketi. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa lile kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Kiberiti. Chumvi kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa. Na disketi, nakala ya pili, imefungwa kwenye nailoni. Byamungu alikuwa ameitengeneza zamani na kumpa mkewe aihifadhi mahali anapohifadhi vitu ambavyo havipotei.

Hakunipa mkononi. Aliishika kifuani.

"Tunaenda wote, na mizigo yetu. Lakini bwana yangu hatagusa ile mashine. Hata kidole. Walimfukuza juu ya kugusa. Sasa utagusa wewe. Yeye atasema na mudomo."

"Mama, mimi sijui…"

"Basi leo utajua."

Byamungu akainua mikono yake, akaitazama, akaiweka nyuma ya mgongo. "Umesikia mukubwa wa nyumba," akasema.

Tulifika ofisini saa nane mchana. Alisimama hatua mbili nyuma ya kiti changu, mikono nyuma kama askari aliyepumzika. Mama Furaha alikaa mlangoni juu ya gunia, kopo mapajani. Madam akaja akasimama kando yake. Sijawahi kufanya mtihani mbele ya wasimamizi wakali kuliko wale.

Nawaandikia hatua zenyewe, maana zinafaa hata leo. Niliiwasha mashine kwa sidii ya zamani, ile aliyofungia mfumo yule mtaalamu, kwa njia yake ya uokoaji, nikaipa disketi ya draiva ilipoiomba. Diski zikaonekana. Nilitaka kupiga kelele, Byamungu akasema, "Bado. Umeona tu nyumba kwa dirisha." Nikaifungua diski, nikaingia ndani yake ili amri zangu zihesabike kana kwamba mashine imewaka yenyewe. Nikanakili maandishi ya draiva kutoka kwenye disketi, nikayatengeneza upya kwa ajili ya kiini kipya. Nikaandika kwenye faili la mipangilio kwamba kadi ni hii na draiva yake ni hii. Kisha nikatoa amri ya kulifunga faili la kuwashia. Likafungika bila kulalamika. Nikazima, nikawasha.

Hofu ile ile, mstari ule ule.

Saa kumi kasoro. Madam akasema, "Bwana Rashidi, hii kazi unaijua au huijui?" Nikageuka kumtazama Byamungu. Alikuwa ameliona kosa nilipokuwa nikilifanya. Niliona machoni mwake. Mikono yake ilikuwa imekazana nyuma ya mgongo hadi mishipa ya shingo imesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona, nikafikiri utaona. Patron, umefunga mzigo wa safari ingine."

Ilikuwa hivi. Ukiiacha amri ile ijichagulie, hulifunga faili kwa ajili ya kiini kinachofanya kazi wakati huo. Na kilichokuwa kinafanya kazi kilikuwa kiini cha ile sidii ya uokoaji. Nilikuwa nimeifungia sidii mzigo mzuri kabisa, wakati msafiri mwingine alikuwa anaondoka mikono mitupu. Lazima uitajie jina kamili la kiini unachokifungia. Na kabla ya kuzima, fungua faili utazame ndani kama draiva imo. Usiamini kwamba imo kwa sababu amri haikulalamika. Mimi mwenyewe nilinyamaza wiki kadhaa bila kulalamika na ndani hamkuwa na kitu.

Nilirudia yote. Safari hii nilipolifungua faili kutazama, jina la draiva lilikuwamo. Byamungu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, "Ongeza mstari mumoja kwa ile hati iliyo ndani ya faili ya kuwashia. Ili siku zote ujue." Akanitajia, nikauandika: mara draiva inapopakiwa, skrini itoe maneno "Mzigo wa mkononi upo."

Nikazima. Nikawasha. Maandishi yakapanda, yakapanda, kisha katikati yake, kwa Kiswahili, katika mashine ambayo haijawahi kusema Kiswahili: Mzigo wa mkononi upo. Na mfumo ukafunguka.

Mama Furaha hakujua kusoma skrini. Alimtazama mumewe usoni, akalifunga kopo.

Madam aliuliza, "Mbona muda wote huyu anasema na wewe unaandika?"

Huo ulikuwa mlango wa pili wa kusema kweli niliofunguliwa, na ulikuwa mpana. Nikasema, "Ndio utaratibu wetu, Madam."

Orodha ilichapwa kabla jua halijazama, kurasa zote, na majina yao yalikuwa kwenye ukurasa wa nne. Alhamisi walipanda meli. Nilikwenda bandarini nikiwa nimebeba chupa mbili za soda, kwa sababu mtu anayeshindwa kusema neno hubeba soda. Byamungu alizipokea. Nikamwambia, "Safari njema." Akasema, "Patron, ile ubao, anza na moja." Mama Furaha alinipa mkono kwa heshima zote, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kopo.

Ijumaa Madam alidai ripoti. Niliandika: hitilafu iliyosababishwa na kibarua imerekebishwa na fundi wa kituo. Ni sentensi fupi, haina kosa la kisarufi, na ndiyo iliyosomwa kwenye hotuba mliyoipigia makofi.

Furaha walimkuta. Nilijua kwa barua iliyoletwa na mfanyabiashara wa dagaa, na ndani yake picha: mtoto mrefu kuliko nilivyomfikiria, amesimama mbali kidogo na wazazi wake, kama mtu aliyeombwa kupiga picha na wageni. Byamungu aliandika kwamba ameomba kazi ya ufundi kwenye ofisi ya shirika letu ng'ambo, na kwamba huenda wakatuuliza habari zake. Walituuliza kweli. Barua ilipita mezani kwangu pamoja na jalada lenye ripoti yangu. Huo ulikuwa mlango wa tatu. Ningeandika kwamba mtu huyu alinifundisha kazi yangu yote. Niliandika: "Alikuwa mfagiaji. Zaidi ya ripoti iliyoambatishwa, simfahamu vya kutosha." Sikupata barua nyingine kutoka kwake.

Seva ile ilikufa, na nyingine baada yake, na nyingine. Kila nilipofunga mashine mpya niliuhamisha ule mstari, hata pale mifumo ilipobadilika na kuuhamisha kukawa kazi ya siku nzima. Ninyi mmekuwa mkiuona kila mnapowasha, na wengi wenu mmeniuliza nani aliuandika. Nilikuwa nikitabasamu na kusema, "Mambo ya wazee." Mkadhani ni mimi, nami nikawaacha mdhani.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya feni na hotuba, niliomba niwashe seva mwenyewe. Mlidhani ni hisia za mzee. Nilikuwa nimeshalifungua faili la kuwashia na kulifunga upya, kwa kiini sahihi, nikatazama ndani mara mbili. Mkiwasha sasa mtaona mstari umeongezeka jina: Mzigo wa mkononi upo. Byamungu, wa Bukavu.

Nakala ya barua hii nimempa mkuu aiweke kwenye jalada, juu ya ile ripoti. Nanyi nawaomba jambo moja. Iko siku mmoja wenu atakuwa anasafisha mashine, atakutana na jina asilolijua, na atataka kulifuta kwa ajili ya usafi. Mimi pia nilikuwa mtu wa usafi.